Dharura katika kliniki ya meno: Maandalizi huanza kabla ya sindano ya ganzi

MTU anayekwenda kung'olewa jino huogopa sindano na koleo. Ni wachache wanaofikiri kwamba katika kiti hicho hicho moyo unaweza kusimama, pumzi ikabana au sukari ikashuka mwilini hadi fahamu zikapotea. Matukio hayo si ya kila siku, lakini yanapozuka hayasubiri gari la wagonjwa lipenye foleni za Dar es Salaam au Nairobi. Moyo ukisimama, ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika nne hadi sita, na kwa muda huo msaada pekee ni daktari wa meno, msaidizi wake na vifaa vilivyomo chumbani.

Maandalizi huanza kwa maswali. Daktari makini hutaka kujua kama mgonjwa ana shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au maradhi ya moyo. Anatumia dawa zipi, ana mzio wa kitu gani, na alikula saa ngapi. Swali hilo la mwisho hudharauliwa mno. Mwenye jino bovu aweza kushindwa kutafuna kwa siku mbili tatu, ilhali anaendelea kumeza vidonge vya kisukari au kujichoma insulini kama kawaida. Vivyo hivyo kwa aliyefunga Ramadhani.

Mtu wa namna hiyo akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Akiwa bado anaweza kumeza, hupewa gramu 15 hadi 20 za sukari, takriban vijiko vinne vya chai, katika maji. Akipoteza fahamu, ni marufuku kumtia chochote kinywani; hapo huhitajika sindano ya glukagoni au glukosi ya kupitia mshipani.

Wagonjwa nao hawakosi lawama. Wako wanaoficha maradhi yao kwa kudhani hayahusiani na meno, au kwa kuchelea kurudishwa nyumbani na maumivu yao.

Dharura inayoongoza katika kliniki za meno ni kuzirai, aghalabu kwa hofu. Mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu hushuka na ubongo hukosa damu ya kutosha. Hapa kiti chenyewe ndiyo tiba: mgonjwa hulazwa chali, miguu ikainuliwa, na kwa kawaida huzinduka baada ya kitambo kifupi. Mjamzito huinamishwa upande wa kushoto, ili mimba isibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Asiyezinduka upesi huenda ana tatizo kubwa zaidi, na sababu yake lazima itafutwe papo hapo.

Kuhusu dawa, miongozo ya Uingereza huitaka kliniki ya meno iwe na oksijeni pamoja na dawa saba: adrenalini, aspirini, glukagoni, glukosi ya kunywa, salbutamoli ya kuvuta kwa wenye pumu, dawa ya kupuliza chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo, na midazolamu kwa degedege lisilokoma. Si shehena kubwa. Zote huingia katika sanduku moja dogo.

Adrenalini ndiyo inayozua makosa. Kwa kuwa imo pia ndani ya ganzi nyingi, ni rahisi kudhani kwamba hiyo inatosha kumwokoa aliyepatwa na mzio mkali. Haitoshi hata kidogo. Kichupa cha ganzi cha mililita 1.8, chenye adrenalini ya kiwango cha 1:100,000, kina miligramu 0.018 tu. Mtu mzima anayevimba koo na kuishiwa pumzi huhitaji miligramu 0.5, zinazochomwa katika msuli wa paja, na kurudiwa baada ya dakika tano asipopata nafuu.

Moyo ukisimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita. Kazi hiyo yaweza kufanyika kitini iwapo kiti kimelazwa sawasawa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 inaelekeza kuweka kigoda chini ya egemeo la kiti ili lisiyumbe.

Hata hivyo, vifaa bila mazoezi ni mapambo. Kila mfanyakazi, akiwamo wa mapokezi, anapaswa kujua nani atabaki na mgonjwa, nani ataleta oksijeni na nani atapiga simu na kutoka barabarani kuipokea gari la wagonjwa. Mtungi wa oksijeni hukaguliwa kila wiki na tarehe za dawa huandikwa juu ya sanduku. Sanduku lenyewe halifungwi kwa kufuli ambayo ufunguo wake unaweza kuondoka na mtu aliyekwenda likizo.