Simu Moja ya Nyumbani: Watoto na Watu Wazima katika Mitandao ya Kijamii

Mitandao ya kijamii ni majukwaa ya intaneti ambamo kila mtumiaji ni msomaji na papo hapo ni mtangazaji: hupokea habari, picha na video, naye huzitoa kwa wengine pasipo kupitia kwa mhariri. Facebook ilianza mwaka 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2006. WhatsApp ilifuata mwaka 2009, Instagram mwaka 2010, na TikTok imeenea duniani tangu mwaka 2018. Hapa Nachingwea na Ruangwa wengi wetu hatukuifikia mitandao hii kwa njia ya kompyuta, bali tuliingia moja kwa moja kwa simu ya mkononi. Na katika nyumba nyingi zenye watoto wanne au watano, simu janja ni moja tu.

Hapo ndipo inapofaa kuanzia tunapozungumzia watoto. Mtoto wa Naipingo, kwa kawaida, hana simu yake, na shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa nayo. Hutumia ya mama, ya kaka au ya mjomba, jioni, kwa bando lililobaki. Kampuni zenye mitandao hiyo zimeweka sharti kwamba anayefungua akaunti awe ametimiza walau miaka 13, umri uliotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto. Lakini sharti hilo humzuia tu yule anayejiandikisha mwenyewe na kutaja umri wake wa kweli. Mtoto wa miaka 9 aliyeshika simu ya shangazi yake, mbele ya mtandao, ni mwanamke wa miaka 40. Ataletewa yale ambayo shangazi huletewa, na jumbe za makundi ya shangazi ataziona zote.

Kwa hiyo, katika mazingira yetu, swali la watoto wanatazama nini haliwezi kutenganishwa na swali la watu wazima wanatumiana nini.

Tunatumiana mengi mema, na si haki kuyanyamazia. Bei ya korosho au ufuta katika mnada wa RUNALI humfikia mkulima siku ileile. Jumuiya Ndogondogo hutangaziana sala, wagonjwa na michango ya msiba, na ndugu aliyeko Dar es Salaam hushiriki mipango ya arusi bila kupanda basi. Kanisa halikuanza jana kulitambua jema hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963, mwaka uleule lilipoundwa Jimbo la Nachingwea, ambalo leo ni Jimbo la Lindi. Kutokana na hati hiyo Kanisa huadhimisha Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni tangu mwaka 1967, Dominika inayotangulia Pentekoste. Katika ujumbe wake wa mwaka 2019, Papa Francisko aliyatazama mahusiano ya mitandaoni kwa mwanga wa Waefeso 4:25, kwamba sisi ni viungo kila mmoja kwa mwenzake, akaeleza pia hofu yake juu ya vijana wanaojifungia humo hadi kuishi kama wakaapweke.

Udhaifu wetu mkubwa watu wazima ni kusambaza. Tangu mwaka 2019 WhatsApp imeweka kikomo ili ujumbe uliopokewa usipelekwe kwa watu au makundi zaidi ya matano kwa mara moja, na ule uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa alama ya mishale miwili. Ni alama ndogo, nasi tumezoea kuipita. Aliyesambaza hujitetea: mimi nimepokea tu. Mwingine husema: lakini ni kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, haimpi nafasi hata huyo wa pili, kwa maana hufundisha kwamba kufichua makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, ni kulikosea jina lake, hata kama makosa hayo ni ya kweli. Mtoto anayesoma kundi la ukoo kwa simu ya mama yake hujifunza hapo jinsi ya kumtendea mwanafunzi mwenzake, bila kufundishwa na mtu.

Pia tunasambaza watoto wenyewe. Picha ya Komunyo ya Kwanza au ya Kipaimara, yenye jina kamili, shule na kigango, humweleza mgeni kila anachohitaji ili kumwendea mtoto huyo kama anayemfahamu. Vivyo hivyo picha za watoto wanaotoka jandoni na unyagoni: shangwe iliyokuwa ya kijiji, iliyokwisha pamoja na ngoma, sasa hubaki katika simu za watu wasiojulikana. Inatosha picha hizo kutumwa kwa babu na bibi.

Hatari hii si ya kubuni. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu Tanzania, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba anayemdhulumu mtoto kingono kupitia mtandao mara nyingi ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu, na kwamba ni watoto wachache mno wanaofikisha habari polisi. Njia yake ni ileile: urafiki, zawadi ya vocha, ombi la picha, kisha tishio kwamba picha itasambazwa asipotuma nyingine. Mtoto hunyamaza kwa sababu anajua atapigwa na kunyang'anywa simu, na mtishaji anajua hilo pia. Basi mzazi anayeambiwa jambo kama hilo asikilize kwanza hadi mwisho, bila fimbo.

Baada ya hapo asifute jumbe, kwa kuwa ndizo ushahidi, wala asiitume picha kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Simu yenyewe ipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.