Lami ya Msonobari, Sifa ya Papa

Katika jimbo la Kainuu, Ufini, mchoma lami wa zamani alianza kazi kwa kuujeruhi mti. Aliubambua msonobari magome kidogo kidogo, kwa miaka kama minne, akiuachia ukanda mmoja wa gome usije ukafa. Mti ulijaza utomvu kwenye kidonda, na utomvu huo ndio alioungoja. Baadaye aliukata, akaupasua, akaupanga katika shimo lenye umbo la mrija mpana, akalifunika na kuliunguza polepole siku kadhaa, usiku na mchana, moto usipate nafasi ya kulipuka. Chini ilichuruzika lami nyeusi, ikaingia kwenye mapipa.

Kwetu pwani chombo cha baharini, badala ya lami, hupakwa sifa juu na deheni chini. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Deheni ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa hiyo Mfini aliukinga ubao kwa damu ya mti, na mwana wa pwani aliukinga dhidi ya bahari zaidi kwa vitu vya baharini. Wote walijua kwamba mafuta hayakai milele: msimu ukirudi, chombo hupandishwa ufukweni na kupakwa upya. Utunzaji huo naustahi kuliko rangi za kisasa zinazosifiwa kwamba hazihitaji kuguswa.

Zilipoachana njia ni sokoni. Sifa ilibaki kwa mafundi na manahodha. Lami ikawa mali ya madola: Uswidi, iliyoitawala Ufini hadi 1809, ilianzisha mwaka 1648 kampuni ya kuhodhi biashara ya lami, na manowari za Ulaya zikaitegemea kwa kamba na mbao. Mkulima aliyeuandaa mti miaka yote hiyo hakuwa na usemi juu ya bei. Hilo linaniuma.

Lakini lami ilibaki pia nyumbani kwa mkulima huyo. Alipaka mbao zake za kutelezea thelujini na kwato za farasi, akaitia kwenye vidonda vya ngozi. Hadi leo Wafini hula peremende zenye ladha yake. Harufu ya sifa hakuna anayeitamani mdomoni. Na huko Norwei, kanisa la mbao la Borgund, la mwishoni mwa karne ya 12, bado hupakwa lami ya msonobari, na siku za jua kali kuta zake hunukia moshi.