Chai Nyeusi na Chai ya Rangi

Uhayani, ambako tangu kale mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, chai ni mgeni wa karne ya 20. Tulipokuwa tukikusanya istilahi za kilimo, tulimuuliza mkulima mmoja wa Muleba kwamba jani alichumalo ni la chai gani. Akajibu: "Chai tu." Alisema kweli. Chai nyeusi na chai ya kijani hutokana na mmea mmoja. Jani likinyaushwa, likasagwa na kuachwa lipigwe na hewa hata libadilike rangi, kisha likaushwe, huwa chai nyeusi. Likitiwa moto mapema, husalia kijani.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Wachina husema cha, Waajemi chay, nasi chai. Lakini hiyo tuiitayo nyeusi Wachina huiita hongcha, yaani chai nyekundu, kwani wao hutazama maji yaliyomo kikombeni. Waingereza walitazama jani kavu, nasi tukawafuata katika tafsiri. Hata hivyo, wasemaji wetu nao walikwisha kutazama kikombe: chai isiyotiwa maziwa wakaiita chai ya rangi.

Baadhi ya wafasiri huyachanganya majina haya mawili. Chai nyeusi ni aina ya jani, hata ikitiwa maziwa. Chai ya rangi ni namna ya kuiandaa. Kwa hiyo jani la aina hiyo litokalo kiwandani liandikwe chai nyeusi. Mwenyeji wetu mjini Bukoba, tulipomwomba chai nyeusi, aliuliza: "Niitie maziwa?"