Kitasa, kufuli na ufunguo: maana ya “kubadilisha funguo”

kitasa nm (ngeli ya KI-VI, wingi: *vitasa*). Kifaa cha chuma kinachopachikwa katika mlango, kabati au droo, ambacho hufungwa na kufunguliwa kwa ufunguo. *Kitasa cha mlango wa mbele kimekufa, itabidi kumwita fundi.* Katika lugha ya michezo nchini Tanzania, kitasa ni pia beki wa kati asiyepitika kwa urahisi.

kufuli nm (LI-YA, wingi: *makufuli*, katika mazungumzo pia I-ZI). Kifaa kinachobebeka, chenye upinde wa chuma unaopitishwa katika tumbuu au mnyororo. *Chumba kimefungwa kwa kufuli.*

ufunguo nm (U-ZI, wingi: *funguo*). Kifaa cha kufungulia na kufungia kitasa au kufuli. *Ufunguo umepotea, funguo zimepotea.*

Tofauti za msingi

Kitasa ni sehemu ya mlango. Kufuli huning’inizwa juu yake na huweza kuhamishwa. Kwa hiyo haifai kusema *kufuli la mlango* pale panapokusudiwa kifaa kilichochimbiwa ndani ya ubao. Komeo nalo hutofautiana na vyote viwili kwa kuwa halihitaji ufunguo: ni kipande cha mti au chuma kinachosukumwa kwa mkono kutoka ndani. Neno *loki* husikika sana mitaani kwa maana ya kitasa na hata ya kufuli; katika maandishi rasmi ni vema kuchagua mojawapo ya majina mahususi.

Asili na mnyambuliko

*Kufuli* limetokana na neno la Kiarabu *qufl*. *Ufunguo* ni la Kibantu, na umbo lake linaeleza jambo: halikutokana na *funga* bali na *fungua*, kitenzi chenye kauli ya kutendua, kama *ziba* na *zibua*, *kunja* na *kunjua*. Kwa mtazamo wa lugha, basi, ufunguo ni kwanza kifaa cha kufungulia. Jozi kama hiyo ipo katika *komea* (funga kwa komeo) na *komoa* (ondoa komeo), ingawa *komoa* leo limezoeleka zaidi kwa maana ya kumfanyia mtu jambo la kumuumiza makusudi.

Katika mazungumzo, wingi *funguo* hutumika kama umoja wa ngeli ya I-ZI: *funguo yangu imepotea*. Matumizi haya yameenea, lakini katika mtihani, mkataba au tafsiri rasmi iandikwe *ufunguo wangu umepotea*. Katika mkataba tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu *atarudisha ufunguo* na *atarudisha funguo zote* ni ahadi mbili tofauti.

Kilichomo ndani ya kitasa

Vitasa vya milango ya nyumba nyingi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hutumia ufunguo wenye shina la mviringo na jino mwishoni. Jino hilo huinua vibamba vya chuma vilivyopangwa ndani. Aina ya pili ni ya silinda, na ufunguo wake ni bapa, wenye mikato ukingoni. Ni silinda peke yake yenye pini. Mfasiri anayeandika *pini* kuhusu kitasa cha vibamba amekosea kifaa, si neno tu.

Silinda ina ganda lisilozunguka na kiini kinachozunguka. Matundu, aghalabu matano au sita, hupita katika vyote viwili. Kila tundu lina pini mbili na springi: pini inayogusa ufunguo na pini inayosukumwa na springi. Ufunguo usipokuwamo, pini ya springi hukaa nusu katika ganda na nusu katika kiini, na kiini hakizunguki. Ufunguo sahihi unapoingizwa, kila mkato huipeleka pini yake mahali ambapo maungio ya pini mbili yanakutana barabara na mpaka wa kiini na ganda. Hapo kiini huachiliwa.

Majina *pini ya ufunguo* na *pini ya springi* yanafaa kuliko *pini ya chini* na *pini ya juu*, kwa sababu katika silinda nyingi za milango springi ziko upande wa chini na mpangilio hugeuka.

Wazo lenyewe ni la kale. Misri ya kale ilijua vitasa vya mbao vyenye vijiti vinavyoanguka katika matundu. Silinda ndogo ya chuma yenye ufunguo bapa ilipata umbo lake la sasa kwa Linus Yale Mdogo, Mmarekani, katika hataza zake za miaka ya 1860.

“Kubadilisha funguo”: usemi mmoja, kazi tatu

Hapa ndipo neno linapoweza kumgharimu mtu. Ichukuliwe nyumba ya kupanga huko Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro: vyumba kadhaa, ua mmoja, mlango mmoja wa mbele. Mpangaji anahama na hajulikani alichongesha nakala ngapi. Mwenye nyumba anamwambia mpangaji mpya, “Funguo tutabadilisha.” Usemi huo una tafsiri tatu.

Ya kwanza ni *kuchonga ufunguo*, yaani kutengeneza nakala. Mchonga funguo huweka ufunguo wa zamani katika mashine na kuhamishia mikato yake katika ufunguo mpya. Mpangaji hupata ufunguo unaong’aa, lakini kitasa ni kilekile, na kila nakala ya zamani bado inafungua.

Ya pili ni *kubadilisha kitasa* au *kubadilisha silinda*. Katika vitasa vingi vya silinda bapa, skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango ndiyo inayoishika silinda. Ikifunguliwa, silinda hutolewa na nyingine kuwekwa, huku kitasa chenyewe kikibaki. Kwa kitasa cha vibamba, kwa kawaida hubadilishwa kitasa kizima.

Ya tatu ni *kupanga upya pini*. Fundi hutoa silinda, huchomoa kiini, huondoa pini za ufunguo na kuweka nyingine zenye urefu unaolingana na mikato ya ufunguo mpya. Wakati mwingine hutosha kuzihamisha pini zilezile kutoka tundu moja hadi jingine na kuchonga ufunguo kwa mpangilio huo mpya. Ganda na springi hubaki. Ufunguo wa zamani utaingia, lakini hautazunguka. Kwa usalama wa mpangaji, matokeo ni sawa na ya silinda mpya. Kinachotofautiana ni gharama, ujuzi na upatikanaji wa pini.

Kwa hiyo *kubadilisha funguo* ni usemi wa kuepukwa katika mkataba, tangazo au maelekezo. Hulinganishwa hivi:

Isiandikwe: *Mwenye nyumba atabadilisha funguo kabla ya mpangaji kuingia.*
Iandikwe: *Kabla ya mpangaji kuingia, mwenye nyumba atabadilisha silinda au atapanga upya pini zake, ili funguo za awali zisifungue tena.*

Sentensi ya pili ni ndefu, lakini inataja matokeo, na ni matokeo ndiyo mpangaji anayoyalipia.

Kwa kazi ya tatu, *kupanga upya pini* ni bora kuliko *kubadilisha pini*. Tangu huduma za fedha kwa simu zienee, *pini* ni pia namba ya siri, na *badilisha pini* ni agizo ambalo msomaji wa leo hulielekeza kwenye simu kabla hajaufikiria mlango.

“Pini za usalama”: jina na ahadi yake

Maandishi ya wauzaji huzisifu silinda zenye *pini za usalama*. Tafsiri hii ya neno kwa neno ina kasoro mbili. Kwanza, humkumbusha msomaji pini ya kufungia nguo au nepi. Pili, jina lenyewe linaahidi zaidi ya kile kifaa kinachofanya.

Pini ya kawaida ni kijiti kilichonyooka. Pini inayozungumziwa ina kiuno chembamba katikati, au mifereji midogo kuizunguka. Mtu anayechokonoa silinda kwa waya hujaribu kuifikisha kila pini mpakani; pini yenye kiuno hunasa hapo na kumpa hisia ya uongo kwamba imekaa sawa. Kazi huwa ngumu na ndefu zaidi. Tafsiri inayolingana na kazi hiyo ni *pini za kuzuia uchokonoaji*.

Je, zinaimarisha usalama wa nyumba? Zinaimarisha dhidi ya mbinu moja. Hazizuii mlango kupigwa teke, fremu kupasuka, silinda inayochomoza nje ya mlango kukatwa katikati, wala nondo za dirisha kung’olewa. Zaidi ya yote, hazimtambui aliyeshika ufunguo. Mwenye nakala ya zamani huipita silinda ya bei ghali kama ipitwavyo ya bei nafuu. Kwa nyumba ya kupanga, swali la kwanza ni nani ana funguo. La pili ni uimara wa mlango, fremu, bawaba na skrubu. Pini za kuzuia uchokonoaji huja baada ya hayo.

Maneno ya jirani

*Ufunguo malaya*: ufunguo unaofungua vitasa vingi. Ni neno la mitaani. Katika maandishi ya hoteli, shule au ofisi itumike *ufunguo mkuu*.
*Ufunguo wa akiba*: nakala inayohifadhiwa, mitaani, *spea*.
*Kuchonga ufunguo*: usemi sahihi na uliokubalika, hakuna haja ya kuubadili kuwa *kutengeneza ufunguo*, usemi ambao hauonyeshi kama ni nakala au ni ufunguo mpya kabisa.
*Fundi vitasa*: afungaye na kutengeneza vitasa. *Mchonga funguo* si lazima awe fundi vitasa. Anayehitaji pini zipangwe upya amtafute wa kwanza.