Habari za Neno Nice Tangu Enzi za Wanormani

Miongoni mwa vivumishi ambavyo Mwingereza huvitumia kutwa kucha pasipo kuvipa fikira, ni vichache vilivyopita njia ndefu na yenye mapindi kama nice, ambacho wenyewe hukitamka naisi, na ambacho leo hutumika kuisifu chai, hali ya hewa, mkwe, nyumba na hata mbwa wa jirani, bila ya msemaji kulazimika kubainisha ni jambo gani hasa lililomridhisha. Mwanafunzi wa pwani yetu aliyefunzwa Kiingereza darasani huambiwa kwamba maana yake ni zuri, akatosheka, wala haimpitikii kwamba neno hilo liliingia Uingereza likiwa tusi.

Asili yake ni Kilatini, katika neno nescius, lililoundwa kwa kikanushi ne na kitenzi scire, yaani kujua. Basi nescius ni asiyejua, ni jahili. Wafaransa wa kale walilirithi, wakalifupisha, wakamwita kwalo mtu mpumbavu. Na baada ya William wa Normandy kuvuka bahari na kumshinda Mfalme Harold katika vita vya Hastings mwaka 1066, Kifaransa kikawa ndicho lugha ya ufalme, ya mahakama na ya majumba ya makabaila, ilhali raia walibaki na Kiingereza chao cha mashambani. Maneno ya mabwana yakawa yakishuka kidogo kidogo vinywani mwa watumishi, hata ilipofika mwaka 1362, bunge lilipopitisha sheria ya kwamba mashauri ya mahakamani yasemwe kwa Kiingereza kwa kuwa Kifaransa hakikuwa kikifahamika tena na watu wengi, Kiingereza chenyewe kilikuwa kimekwisha kushiba maneno ya Kifaransa. Nice lilikuwa mojawapo, na Geoffrey Chaucer, malenga aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwa maana ile ile ya upumbavu.

Jinsi neno la kuwatukana wajinga lilivyopata kuwa sifa ni jambo la kustaajabisha, lakini kila hatua yake ina mantiki. Katika wapumbavu kuna mlegevu apendaye anasa, na kuna mwenye haya asiyejua la kusema mbele za watu. Na mwenye haya iliyopita kiasi aghalabu huwa mteuzi, asiyeshika hiki wala kula kile. Na mteuzi huwa na jicho la kuona vitu vidogo. Na aonaye vitu vidogo ndiye awezaye kupambanua mambo yanayokaribiana. Kwa ngazi hizo neno lilipanda, wala halikuitupa maana ya jana kila lilipopata ya leo, bali lilizichukua zote pamoja, hata Shakespeare, katika tamthilia ya Romeo and Juliet, akamfanya Benvolio amweleze mtawala wa Verona kwamba Romeo alimsihi adui yake atafakari jinsi ugomvi wao ulivyokuwa nice, yaani jambo dogo lisilostahili kumwaga damu.

Katika karne ya 18 wanazuoni walijaribu kuitia lugha nidhamu. Samuel Johnson, akiwa katika nyumba yake ya Gough Square mjini London pamoja na wanakili sita, alitunga kamusi iliyotoka mwaka 1755 kwa majalada mawili makubwa yenye maneno zaidi ya 40,000. Na humo akaiweka mbele, katika maana za nice, ile ya usahihi wa kupima mambo hata yaliyo madogo kabisa, akiongeza kwamba mara nyingi neno hilo hutumika kumlaumu mtu aliyezidisha uteuzi. Walakini katika karne hiyo hiyo watu walikuwa wamekwisha anza kuliita nice kila lililowafurahisha, na katika dibaji yake Johnson mwenyewe alikiri kwamba atakayedhani kamusi yaweza kuizuia lugha isibadilike anastahiki kuchekwa.

Mzozo huo hakuna aliyeuchora kwa ucheshi kuliko Jane Austen, katika riwaya ya Northanger Abbey, iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kufa kwake. Binti Catherine, akitembea na Henry Tilney na dada yake Henry nje ya mji wa Bath, anauliza kama kitabu cha The Mysteries of Udolpho si nice kupita vyote duniani. Henry anajitia kumfahamu kuwa anakusudia unadhifu, na kwa hiyo anamjibu kwamba hilo litategemea jalada. Dada yake naye anamwonya mgeni alibadilishe neno hilo upesi, asije akaangushiwa Johnson pamoja na Blair, mwalimu wa balagha wa Edinburgh, safari nzima. Henry anaendelea kusema kwamba huenda hapo mwanzo neno lilihusu unadhifu na adabu tu, na sasa limekuwa sifa ya kila kitu. Hakukosea kuona kwamba mgema amesifiwa na tembo limetiwa maji; alikosea kuhusu huo mwanzo, kwani mwanzo wa neno ulikuwa ujinga, na mlinzi wa asili alikuwa akilinda maana ya babu zake tu, asiijue asili yenyewe.

Ukweli huo ulidhihirika walipotokea wanakamusi wa Oxford chini ya James Murray, ambao kazi yao ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 ikatimia mwaka 1928. Hao hawakuuliza neno lingepasa kuwa na maana gani; waliwaomba wasomaji wa kila mahali wawapelekee mifano kwenye vipande vya karatasi, wakaipanga kwa kufuata miaka, na walipofikia nice wakakiri kwamba katika mifano mingi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kutambua mwandishi alikusudia maana ipi.

Sisi nasi tunayo yetu. Kali ilitutosha kwa kisu, jua na mbwa, na sasa vijana wanauita wimbo uliowapendeza mkali, na wazee wanakunja nyuso. Anayetaka kuwakemea ni haki yake, maadamu kwanza ajiulize kama anailinda asili ya neno au mazoea ya ujana wake. Na mwalimu wa Kiingereza asiishie kwenye zuri, kwa sababu zile maana za kale hazikufa zote: mwanasheria wa Kiingereza akisema kwamba tofauti ya kesi mbili ni nice, hakuisifu, amesema ni nyembamba mno, na asomaye hukumu hiyo kwa maana ya sokoni ataifahamu kinyume.