Maji Yanayoingia

Hita ya maji isiyo na tangi ina ahadi moja tu: ukifungua bomba, maji yanapita ndani yake na kutoka ya moto papo hapo. Hakuna pipa la kusubiri lipate joto. Ahadi hiyo imetimiza zaidi ya miaka 150, na kila nchi imeitekeleza kwa namna yake. Nikizifuatilia tofauti hizo naona mambo mawili yakijirudia: ubaridi wa maji yanayoingia, na kiasi cha umeme kinachoweza kufika nyumbani.

Mwanzo haukuwa umeme. Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan, mpaka rangi wa London, alipata hataza ya kifaa cha gesi kilichopasha maji yakiwa yanatiririka. Alikiita Geyser, kwa kufuata chemchemi za moto za Iceland. Hakikuwa na bomba la kutolea moshi, kwa hiyo kukitumia ndani ya bafu lililofungwa kulikuwa ni kuhatarisha maisha. Mwaka 1889, huko Pittsburgh, Edwin Ruud, mhandisi mzaliwa wa Norway, akaja na hita yenye tangi inayojiwasha yenyewe. Marekani ikashikamana na tangi, na mpaka leo nyumba nyingi huko bado zinalo.

Umeme ulipoingia bafuni, hesabu ilikuwa imeshajulikana. Tangu miaka ya 1840 James Prescott Joule alikuwa ameonyesha jinsi mkondo unavyozaa joto unapopita kwenye waya wenye ukinzani. Kwa bafu, hesabu yenyewe inaenea kiganjani: chukua lita zinazotoka kwa dakika, zidisha kwa nyuzi za Selsiasi unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa 14.3. Jibu ni kilowati unazohitaji.

Tuanze na Brazili. Francisco Canhos Navarro, wa mji wa Jaú katika jimbo la São Paulo, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mbunifu wa shawa ya umeme, katika miaka ya 1930. Brazili ilikuwa na mito mikubwa ya kuzalishia umeme, na nyumba nyingi hazikuwa na bomba la gesi. Kampuni ya Lorenzetti ya São Paulo ikaifanya shawa hiyo kuwa kitu cha kila nyumba, na baadaye ikafika hata kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Nairobi. Nguvu yake kwa kawaida ni kilowati 5.5 hivi. Maji yakiingia yakiwa na nyuzi 20, ukataka 38, utapata lita 4 na kidogo kwa dakika. Inatosha kuoga.

Ujerumani maji ni baridi zaidi. Theodor Stiebel alianzisha kampuni yake Berlin mwaka 1924 kwa kifaa kidogo cha kuchovya majini chenye umbo la pete. Leo Stiebel Eltron ni miongoni mwa majina makubwa ya hita zisizo na tangi. Hita za huko ni za kilowati 18, 21, 24 au 27. Ya 21 hupandisha lita 10 kwa dakika kutoka nyuzi 10 hadi 40. Hilo linawezekana kwa sababu umeme wa njia tatu, volti 400, hufika katika majengo ya kawaida ya makazi, na mzigo hugawanywa. Marekani hali ni nyingine. Kilowati 24 kwa volti 240 ni ampea 100, ambazo ndizo uwezo wote wa nyumba nyingi za zamani. Tangi lenye koili ya kilowati 4.5 hupasha polepole na kuuacha umeme mwingine kwa jiko na taa. Kwa hiyo katika majimbo ya kaskazini, yenye maji ya baridi kali, waya nao ni sababu mojawapo ya tangi la umeme kubaki, si mazoea tu.

Historia hii ilinifaa pale baba mdogo aliponiandikia kutoka Makete, nami nikiwa Ujerumani kwa masomo ya uzamili. Bibi ana miaka 84 na bado anaogea maji ya sufuria, yanayobebwa yakiwa yanafuka kutoka jikoni hadi bafuni. "Mwanangu, nitafutie hita ya Kijerumani, ile yenye kilowati nyingi kuliko zote."

Nilimpa shikamoo, kisha nikamwomba vipimo vitatu: joto la maji ya bomba alfajiri ya Julai, muda wa shawa kujaza ndoo ya lita 10, na aina ya umeme alionao. Majibu yalikuwa nyuzi 12, dakika 2, njia moja.

Lita 5 mara nyuzi 26, gawanya kwa 14.3, ni kilowati 9.1, karibu ampea 40 kwa volti 230. Fundi alisema laini yake haiwezi kubeba hivyo pamoja na jiko. Mashine ya kilowati 18 ingekaa ukutani kama pambo, kwa kuwa inadai njia tatu. Lakini tukibadilisha kichwa cha shawa kitoe lita 4, tunashuka hadi kilowati 7.3, ampea 32. Nikamshauri atafute hita ya kielektroniki inayopima maji yanapoingia na kurekebisha nguvu yenyewe, kwa sababu zile za zamani huongeza na kupunguza kwa hatua chache tu. Kikomo kiwekwe nyuzi 38, maana ngozi ya mzee huungua upesi. Iwe na waya wake peke yake, unene uchaguliwe na fundi mwenye leseni, na sakiti breka yake, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Swali la mwisho lilikuwa kama nyumba ina ethi. Fundi alikagua akakuta waya umekatika chini ya sakafu ya veranda, na hakuna aliyejua tangu lini.

"Basi mwanangu," baba mdogo akaandika, "hita isubiri. Jumamosi tunachimba."