Bandari ya Babati ilikuwa Pangani

Ujenzi wa daraja la mita 525 kwenye Mto Pangani, la kuwapumzisha wasafiri na foleni ya kivuko cha Bweni, umeurudisha mji wa Pangani magazetini. Kwa msomaji wa Babati habari hizo zaweza kuonekana za watu wa Tanga. Ni zetu pia. Kabla ya lami ya Minjingu na kabla ya barabara ya Kondoa, wafanyabiashara wa Pangani walikwishazijua njia za Irangi na za Umbugwe; Umbugwe leo imo ndani ya Wilaya ya Babati. Walikuja na merikani, kaniki, shanga na nyaya; wakarudi na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Umbugwe mwaka 1892 na kuandika habari za Wafiomi, yaani Wagorowa, alimalizia safari yake Pangani mwaka 1893.

Vitabu vingi vya shule vinaianza habari ya Pangani kwa Bushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu vurugu za pwani za mwaka 1888, anaianza kwa watu wa mjini wenyewe, nami naona ndiye aliyeipata.

Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nayo ikakabidhiwa forodha Agosti 1888. Wakala wake Pangani, Emil von Zelewski, ndiye yule ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alimtaka liwali Abdulgawi bin Abdallah apokee amri zake na bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali akakataa. Zilikuwa siku za Idi Kubwa. Zelewski akawashusha askari wa manowari Carola, wakamsaka liwali hadi msikitini, wakaingia na viatu miguuni na mbwa wakiwa nao. Kisha mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa.

Mtu yeyote aliyeishi pwani anajua kosa hilo lina uzito gani, tena sikukuu. Askari walipoondoka, umati ulimzingira Nyundo na wenzake ndani ya nyumba yao. Katika umati huo walikuwamo wenyeji, wapagazi na watu wa bara walioshuka kwa biashara. Jenerali Lloyd Mathews alitumwa kutoka Unguja na askari wa Sultani, akawatoa Wajerumani wakiwa hai, na muda si muda naye akafukuzwa. Ndipo Bushiri, yaani Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa, akaibuka kiongozi. Baumann, huyu huyu aliyekuja kufika kwetu baadaye, alikamatwa wakati huo pamoja na msafiri Mjerumani Hans Meyer, wakatiwa minyororo hadi fidia ilipolipwa.

Mjerumani Wissmann, aliyetumwa kuzima upinzani huo, aliuteka mji Julai 1889. Bushiri alinyongwa huko huko Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Nyundo aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, Agosti 1891.

Kilichoimaliza bandari ni reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi miaka tisa baadaye, na mizigo ya kaskazini ikahamia Tanga. Mlango wa Mto Pangani una mafungu ya mchanga, meli kubwa haziingii. Mji ukabakiwa na mkonge, ambao nao ulianzia hapo: kati ya miche 1,000 iliyoagizwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida ilipona 62, ikapandwa Kikogwe. Waingereza walifika 1916, Uhuru ukaja 1961, mkonge ukaporomoka bei.

Leo majumba ya mawe ya ukingoni mwa mto yanamong'onyoka, miti ikiota kutani, na hilo linaniudhi kwa sababu chokaa ipo na mafundi wanaoijua wapo. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO, katika orodha ya mapendekezo, njia ya kati ya watumwa na pembe, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji. Njia ya Pangani haimo. Mikoa ya Tanga na Manyara iidai kwa pamoja, na halmashauri zetu mbili za Babati zinaweza kuanza hata kesho, kwa kusimamisha Mbugwe kibao kinachowaeleza wanafunzi misafara ile ilitoka wapi na ilibeba nini.